Aliye Nyuma Yako

Biryogo, Kigali
14 Machi 1993

Kaka Zuberi,

Salamu zikufikie huko Bukoba. Sisi tu wazima, na cherehani ya mama bado inakula uzi kama mbuzi.

Nina swali. Unaikumbuka safari yetu ya vijana katika msitu wa Nyungwe, siku tisa za mvua na siafu? Kiongozi alitupa sheria moja: ukifika njia panda, simama mpaka umwone aliye nyuma yako, ndipo uendelee. Nyuma yako nilikuwa mimi. Kila njia panda nilikukuta umesimama, umenuna, unajikung'uta siafu.

Miaka kumi na tisa imepita, nami bado nasimama. Mafundi cherehani wenzangu walikuwa wakinicheka: "Saidati, unamngoja nani?" Juzi bomu likalipuka karibu na soko, watu wakatawanyika. Nilijikuta nimesimama kwenye kona ya msikiti, namngoja Mugeni, tunayeshona naye meza moja. Akatokea, kiatu kimoja mguuni. Jana tulipokuwa tukirudi nyumbani, sisi mafundi wote sita tulingojana kila kona. Hakuna aliyecheka.

Nastaajabu, mguu unakumbukaje jambo ambalo kichwa kilishalisahau? Na wako je?

Nauliza kwa sababu ulivuka mpaka bila kuniaga, na barua zangu tatu hukuzijibu. Nilikasirika, sasa nimechoka kukasirika. Nimefika njia panda, kaka, nimewashika wanangu wawili mkono. Umesimama?

Mimi, wa nyuma yako,
Saidati