Sahani ya Ijumaa

Kasongo, Jumapili

Mudogo wangu Safia,

Salamu zikukute huko Kabambare. Huku mvua inanyesha, mihogo iko muzuri.

Tangu mutoto wangu Rajabu aende machimboni na kunyamaza, kila Ijumaa ninamupelekea muzee Sefu, yule kipofu wa musikitini, wali na sombe ya majani ya muhogo, ili amuombee arudi. Watu wananisifu eti nina huruma.

Juzi nilimuuliza: «Muzee, unamuombeaka Rajabu kweli?»

«Hapana, mama. Ninaombaka Mungu wewe usikose chakula.»

Nilikasirika, nikamunyang’anya sahani. Njiani nikawaza: miaka mine sasa, chakula hakijakosekana kwangu hata Ijumaa moja.

Nikarudi, nikamuwekea sahani mikononi. «Leo,» nikamwambia, «omba la Rajabu kwanza.»

Dada yako,
Waridi