Nilimjazia Mzee Emrys Kiingereza

Jumatatu, 26 Februari 2018
Shifti ya tatu mfululizo wodini. Miguu imevimba. Mzee Emrys, yule wa kiharusi, kanirushia tena bakuli la uji. Maneno yake hayana kichwa wala miguu. Nimeandika kwenye faili: anapayuka. Daktari kasoma, kaamua. Ijumaa apelekwe kwenye nyumba ya waliopotewa na akili, ile ya milango ya kufungwa. Sawa tu. Nimechoka.

Jumanne, 27 Februari
Mpwa wake amekuja kutoka Euless, saa nne kwa gari. Mama wa makamo. Wakaongea nusu saa, wakacheka! Mimi nimesimama mlangoni na dawa kama mjinga. Kumbe ni Kiwelisi, lugha ya asili ya kwao. Kiharusi kimebeba Kiingereza chote, kimemwachia lugha ya mama. Siku sita anaomba uji usio na sukari. Basi.

Fomu ya kumpokea niliijaza mimi. Lugha: Kiingereza. Mzungu wa Uingereza, nimuulize nini? Mkongo wa Gulfton, mtaa wa wahamiaji hapa mjini, ningemuuliza mara mbili.

Jumatano, 28 Februari
Orodha ya wakalimani wa simu: Kiswahili kimo, Kiwelisi hakimo. Msimamizi anasema hiyo ni lafudhi tu. Lafudhi! Mpwa kanieleza: kwao ni lugha rasmi, hata sheria zinaandikwa kwayo. Kiairishi nacho ni rasmi kwa Waairishi. Lugha ndugu yao, Kibretoni, Ufaransa haijakipa hadhi hiyo.

Eti mama wa nyanya yake alivishwa kibao cha adhabu shingoni shuleni kwa kuongea Kiwelisi. Shingo ikaniwasha. Mimi nilivaa changu shuleni Wundanyi, kwa kuongea Kitaita.

Msimamizi akauliza nani alijaza fomu. Nikashika trei ya dawa, nikatoka. Naogopa kazi. Najichukia.

Alhamisi, 1 Machi
Nimeandika kwenye faili. Jina langu, kosa langu: mgonjwa hakuulizwa lugha. Hapayuki. Daktari kampima upya, mpwa akitafsiri. Mzee kataja siku, mwezi, mji. Kisha akagomba: leo ni sikukuu kwao na hakuna aliyemletea ua la kuvaa kifuani. Aki nililia chooni.

Kesho anakwenda kwa mpwa wake. Mimi naitwa ofisini Jumatatu.

Jumapili, 4 Machi
Kanisani, kisha nyumbani Pearland. Mama amepiga simu kutoka Taita. Nikampa simu Neema wangu, miaka saba, asalimiwe kwa Kitaita. Akasikiliza kidogo, akanirudishia. Kwa Kiingereza akasema nyanya anaongea ovyo.

Fomu yake ya shule pia niliijaza mimi.

Nimeweka simu mezani, sauti juu, nikampakata. Mama alikuwa bado anamsalimia.