Mgeni wa Upepo Uliyetutumia

S.L.P. 318,
Kitengela.
9 Januari, 2005.

Mpendwa mdogo wangu Elsie,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko isiwe imekushika kifua kama mwaka juzi. Sisi Mungu ametuweka. Mvua imenyesha mpaka huu udongo mweusi wetu unavua mtu viatu. Wanyonyi bado anaenda kazi Athi River, Sheryl ameingia darasa la nane, na mimi goti linanisumbua lakini kanisani nafika.

Mama ni mzima wa mwili. Ya macho nitakuambia.

Nilikuwa nimesema sitaandika mpaka hasira iishe. Nimeiombea wiki mbili na haijaisha, kwa hivyo acha niandike nayo. Wewe ndiye nimezoea kumwambia mambo yangu yote, hata kama leo jambo lenyewe ni wewe.

Elsie, hujasahau kwamba kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe. Mama alikataa kuja hapa miaka kumi na minne. Hata nilipojifungua Sheryl alinitumia kuku na unga wa wimbi, yeye mwenyewe akabaki Chwele. Lakini ulipoandika mwezi wa nane kwamba Krismasi utakuwa hapa, akasema atavumilia hiyo aibu. Wanyonyi akamjengea chumba kimoja cha mabati kando ya lango, ili wasiwe chini ya paa moja. Tangu Novemba yuko hapo. Shemeji yako akipita kwenda kazini, Mama anageukia ukuta na kujifunika leso usoni. Wanyonyi naye anakohoa akiwa mbali, ndiyo ajue anapita. Ndivyo tumeishi.

Daktari wa macho ametuambia ni presha ya macho. Yale matone anayotiwa yanachelewesha tu. Huyo daktari hakuficha, alisema katikati ya mwaka huu huenda Mama asione kitu. Kwa sasa anaona rangi, na anaona mtu kama kivuli, sura hapana. Nilikuandikia hayo yote Oktoba. Mama alikuwa na ombi moja tu, akuone uso kabla giza halijafunga.

Basi tarehe ishirini na moja akaja Phylis wa kanisa lenu la huko Amerika, akiwa na sanduku la karatasi kubwa kama kabati. Nikamuuliza wewe uko wapi. Akanipa kadi. Nimeisoma mara nyingi naijua kwa moyo: kazini hawakukupa ruhusa, umetutumia kitu cha kufurahisha boma, na tukupigie picha Mama akiwa amesimama nacho uonyeshe wenzako.

Hapa na mimi niko na kosa, na nimelitubu. Mama aliponiuliza Phylis amesema nini, nilimwambia mambo ya ndege bado hayajajulikana. Sikuwa na nguvu ya kumwambia ukweli siku hiyo. Wala kesho yake.

Tukafungua sanduku, Mama akiwa amejifungia chumbani kwa sababu Wanyonyi yuko nje, na hakuna aliyemweleza ni kitu gani. Ni Baba Krismasi wa nailoni, wa kujazwa upepo, urefu wake futi nane. Wanyonyi akagongelea vigingi karibu na lango, udongo ukawa unavitema. Majirani wakasimama nje ya ua. Alipochomeka waya, huyo mzee aliinuka haraka sana, tumbo likajaa, watoto wakapiga makofi. Halafu tukasikia harufu ya kuungua, moshi ukatoka kwa ile feni ya kumjaza upepo, na yeye akainama polepole mpaka akalala kifudifudi kwa matope.

Parmuat, jirani wetu wa ng'ombe, akamwambia Wanyonyi, "Baba Sheryl, mgeni wenu amekufa kabla ya kunywa chai. Tuchange ya jeneza?" Watu walicheka mpaka nikaingia ndani.

Gakuru, yule anayekodisha nyumba za upepo za watoto kurukia, ndiye alikuja kutueleza. "Hii feni ni ya stima ya Amerika, Mama Sheryl. Stima yetu ni mara mbili ya hiyo. Mngemuuliza dadako." Hukutuandikia, Elsie. Au labda hukuwaza kwamba vitu vya huko na vya hapa haviko sawa. Gakuru ni mtu mzuri, akatuachia feni yake moja mpaka sikukuu ipite. Lakini ile ni ya kuinua nyumba nzima. Asubuhi ya Krismasi tulipoiwasha, Baba Krismasi wako alijaa kupita kiasi, akakaza kama ngoma, na mikono yake yote miwili ikanyooka mbele.

Nilikuwa jikoni nikikaanga vitunguu. Sheryl alikuwa nje na kamera.

Mama alitoka kwa chumba chake. Unakumbuka ile picha uliyomtumia, umesimama kwa theluji na koti jekundu? Anaiweka ndani ya leso, tulimsomea rangi zake mpaka akazishika. Sasa amesikia mngurumo hapo langoni, akajua ni gari. Anatazama, anaona mtu amesimama, amevaa nyekundu, amemnyooshea mikono.

Sheryl anasema kukhu wake alitembea haraka bila fimbo. Yeye alidhani anaenda kupigwa picha, akapiga.

Mimi nilitolewa jikoni na sauti. Nilimkuta ameshika mkono wa lile dude kwa mikono yake miwili, anaongea kilugha, anapaza sauti juu ya feni. Alikuwa anasema, "Nilijua hutaacha nipofuke kwanza." Alikwisha kueleza habari ya kifo cha mjomba Wanjala, na ng'ombe wako aliyezaa, na kwamba hana kinyongo na wewe. Akatema mate kidogo kifuani pake kukubariki. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, Elsie.

Halafu akaanza kupapasa mkono kutoka kiganjani kwenda juu. Akabonyeza. Akanigeukia, maana alishasikia nyayo zangu, akasema, "Jacinta, mbona mtoto hana mifupa?"

Nilizima feni. Ilikuwa makosa hata hiyo, kwa sababu alikuwa bado amemshika, na akamsikia akiishia mikononi mwake.

Hakulia. Aliniuliza, "Hakuja?" Nikasema hakuja. Akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua. Akarudi kwa chumba chake na hakula chakula cha Krismasi. Jioni aliniita akasema nimrudishe Chwele, amejivua heshima bure kwa boma la mkwe. Tutasafiri tarehe ishirini.

Sikuandiki ili ulie. Najua ruhusa za kazi za huko si wewe unayeziamua. Lakini usitume sanduku lingine, hata liwe na nini. Ukikosa ruhusa mpaka Pasaka, hiyo kazi iache, na nakwambia hivyo nikijua ni kazi. Pasaka ikipita, njoo wakati wowote unaotaka, hatakuona tena, atakushika tu.

Wanyonyi anakusalimu, na Sheryl, ambaye tangu siku hiyo hataki kushika kamera. Phylis tulimpa maji na chakula, hana kosa, umsalimu akirudi. Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na akuonyeshe njia ya nyumbani.

Picha uliyoomba nimeiweka ndani ya bahasha. Mama ametoka vizuri. Wenzako wakiuliza anacheka nini, waambie hakuwa anapigwa picha. Alikuwa anakupokea.

Ni mimi dada yako, ambaye hata na hasira hii bado anakupenda,

Jacinta