Nimepewa Kuchunguza Kosa Langu Mwenyewe

Mpendwa Mwalimu Paskazia, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba kabla ya Alhamisi, kwa maana Alhamisi saa nne asubuhi naongoza kikao cha kamati inayomtafuta mtu aliyewapa matapeli neno la siri la ofisi yetu, na mtu huyo ni mimi.

Nina miaka hamsini na tisa, nafanya kazi katika ofisi ya elimu ya halmashauri moja ng'ambo ya ghuba, sitaitaja, na mwaka jana alipoletwa afisa TEHAMA mpya, binti mwerevu anaitwa Odeta, alitaka tuwe na mwangalizi wa usalama wa kompyuta, wenzangu wakanichagua kwa kura zote, si kwa sababu nazijua kompyuta bali kwa sababu funguo za chumba ninazo mimi na mashine zetu kumi na nne hazina hata chembe ya vumbi, mke wangu amezishonea vitambaa vya kuzifunika. Odeta akanikabidhi kaunta buku, akasema, "Baba, kila Ijumaa hakikisha kila mashine imefanya apdeti, halafu weka tiki." Nikasema sawa mwanangu. Ijumaa ya kwanza niliiachia mashine yangu ifanye, ikazungusha kile kiduara chake tangu saa tatu hadi watu wanakwenda kula, ikazima, ikawaka, na faili langu la takwimu za madawati nikalikuta si mahali nilipoliacha, nikaapa sirudii. Tangu siku hiyo kila asubuhi ikiniuliza nabonyeza "Nikumbushe baadaye" kama mtu anavyomfukuza nzi kwenye chai, na ile kaunta buku naitia tiki za mwezi mzima kwa siku moja na kalamu moja, na usinicheke Mwalimu, tumepewa cheti cha ofisi ya mfano.

Sasa wiki tatu zilizopita ikaingia barua pepe. Ilianza hivi: "Shikamoo mzee wetu. Mimi ni kijana wako wa TEHAMA makao makuu. Tumeona kompyuta za ofisi yako hazijasasishwa kwa muda mrefu." Kwanza mtu ameniamkia, na mimi nimelelewa kwamba shikamoo haiachwi hewani, hata ya mlevi huitikiwa, kwa hiyo nikaandika, "Marahaba mwanangu, hujambo, habari za huko?" naye akajibu hajambo, akaniulizia na familia. Pili, alichosema kilikuwa kweli tupu, nikajua nimeshikwa, nikamwomba asimwambie Odeta. Akasema, "Usijali mzee, hili tunalimaliza mimi na wewe. Nipe tu neno la siri la barua pepe ya ofisi, nitazisasisha zote kutoka huku." Nikampa. Nikamshukuru. Mwalimu, nilimwandikia hadi "Mungu akuzidishie".

Jumatatu iliyofuata walimu wakuu wote wa halmashauri wakapokea, kutoka anwani ya ofisi yetu, ujumbe usemao, "Uhamisho wako umekubaliwa. Bonyeza hapa, ingiza neno lako la siri, usome barua yako." Wewe umefundisha, unajua mwalimu na uhamisho. Hadi saa sita walikuwa wamebonyeza thelathini na wanane. Mmoja wao, Mwalimu Shimba wa shule ya kisiwani, ambaye ameomba uhamisho kwa miaka tisa, hakungoja hata karatasi, alichinja mbuzi wa kuagana, akagawa kuku, akavuka na godoro lake kwa mtumbwi wa injini, akaja kusimama mlangoni kwangu meno yote nje. "Ngosha, ndugu yangu, nimeripoti! Nionyeshe meza yangu." Nikamwambia hakuna uhamisho, ni matapeli. Akalitandika godoro koridoni, akalikalia, akauliza, "Na mbuzi je?"

Neno la siri lile tulikuwa tunalijua watu wawili, mimi na Rebeka, katibu muhtasi wetu, ambaye ana mtoto wa miezi saba na mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu. Mkubwa wetu, Mama Hellen, alitutazama wote wawili, akaanza kucheka. "Jamani, mzee huyu hata kutuma picha kwa simu hufanyiwa na mjukuu wake. Atampa nani neno la siri? Tena ndiye mwangalizi. Aongoze yeye kamati." Basi Rebeka akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza, na sahihi iliyopo chini ni yangu. Kila asubuhi bado ananiletea chai, shikamoo baba, marahaba. Jana akasimama na kikombe mkononi, akasema, "Baba, wewe unaniamini?" Nikamwambia chai ina sukari nyingi.

Nimebakiza miezi minane nistaafu. Nimefikiria hivi: ripoti iseme Rebeka aliteleza kwa bahati mbaya, nami kama mwenyekiti nipendekeze kwa nguvu zote asamehewe, abaki na kazi yake, nami niondoke na heshima yangu, kila mtu apone. Je, hiyo si huruma?

Mwenye Funguo, ng'ambo ya ghuba.

*

Marahaba, Mwenye Funguo.

Nimefundisha miaka thelathini na sita. Nimeletewa kila udhuru uliopo chini ya jua, pamoja na daftari lililoliwa na ndama. Lakini hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea pendekezo kwamba ndama asamehewe. Wewe ni wa kwanza.

Huruma gani hiyo? Anayesamehewa ni aliyekosa. Siku utakapomwombea Rebeka msamaha ndiyo siku utakayoandika kwenye jalada lake kwamba alitoa neno la siri. Na mwisho wa mwezi, Mama Hellen atakapoufungua mkataba ule na kuliona jalada, unadhani ataona neno "asamehewe" au ataona neno "aliteleza"? Unajua jibu. Ndiyo maana chai ilikuzidi sukari.

Basi nikupe pole, maana pole unastahili pia. Umetapeliwa, na aliyekutapeli ni fundi. Lakini elewa ufundi wake ulipo. Unadhani alikuwa anakuona. Hakukuona, mzee mwenzangu. Ni kama mpiga ramli anayekuambia, "Kuna mtu wa karibu hakupendi." Nani hana mtu wa karibu asiyempenda? Na ni ofisi gani katika nchi hii haina kompyuta iliyochelewa kusasishwa? Maneno yale yale aliwaandikia watu mia. Tisini na tisa waliyapuuza. Wewe ulikuwa na kaunta buku ya uongo kabatini, ukaona umetajwa jina. Tiki zako ndizo zilizokuuza.

Na kwa kuwa nadhani hakuna aliyewahi kukaa nawe akakueleza, acha nikueleze hiyo apdeti ni nini. Wazee wetu walizungushia boma la ng'ombe miiba. Fisi halali usingizi; kila usiku anazunguka, anasukuma hapa, ananusa pale, mpaka apate upenyo. Mwenye boma akiuona upenyo asubuhi hukata miiba mipya akaziba. Walioitengeneza kompyuta yako nao kila mara hugundua upenyo, na kile kiduara kilichokuudhi ni mtu amekuletea miiba mpaka mlangoni. Wewe ukamwambia rudi baadaye. Mwaka mzima. Vitambaa vya mke wako ni vizuri, mpe hongera, lakini fisi hazuiwi kwa kitambaa. Apdeti pia haikukusudia kukuhamishia faili. Iache ianze Ijumaa baada ya chakula, waya ukiwa ukutani, usiizime katikati, na kazi yako iwe na nakala pembeni kabla hujaanza.

Kuhusu shikamoo, wapo watakaokuambia uache kuitikia. Mimi sikuambii hivyo. Marahaba yako haikuiba kitu. Ila jiulize: ni kijana gani mwenye adabu humwamkia mzee kisha akamwomba funguo za nyumba? Na afisa TEHAMA wa kweli hahitaji neno lako la siri. Ana njia zake za kuingia. Akikuomba, hata akiwa Odeta mwenyewe, mkatalie. Na ukisikia "tunalimaliza mimi na wewe", basi umeshamjua mwizi. Odeta anakaa hatua ishirini kutoka mezani kwako. Ungemwendea siku ile ukamwambia, "Mwanangu, nimekudanganya kwenye buku, tena kuna mtu ananiandikia," angekukasirikia saa moja, na Shimba angekuwa bado na mbuzi wake.

Sasa fanya nikuambiavyo. Usiandike barua, maana barua utaianza na kuichana mpaka Alhamisi ipite. Nenda kwa miguu yako kwa Mama Hellen. Usimtangulizie umri, wala miezi minane, wala utumishi uliotukuka. Mwambie: "Mama, neno la siri nilitoa mimi. Rebeka hahusiki. Barua niliyomwandikia naomba ifutwe leo, na kamati aongoze mwingine." Hayo tu. Kisha nyamaza, umwache aseme atakayosema, maana atasema.

Ukitoka hapo, mpelekee Odeta mazungumzo yote na yule kijana wako wa makao makuu, bila kufuta hata sentensi, pamoja na ile ya kumwombea baraka. Inaaibisha, najua. Ndiyo itakayomsaidia kujua mwizi aliingia saa ngapi. Wale walimu wakuu thelathini na wanane wapigiwe simu mmoja mmoja, si kwa barua pepe, wabadilishe maneno yao ya siri leo hii, na anayetumia neno moja kila mahali alibadilishe kila mahali. Kaunta buku ipigie mstari chini ya tiki zote, uandike "si kweli", utie sahihi, uanze upya ukurasa unaofuata.

Kisha Rebeka. Usimwombe radhi jikoni. Alishutumiwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu wale wale. Huenda wewe ukapewa onyo la maandishi. Utalibeba, mshahara wako haufi kwa onyo. Yeye angebeba jina la mwizi na mtoto wa miezi saba mgongoni.

Jambo la mwisho. Hukuniachia namba ya simu, kwa hiyo njia pekee ya kukujibu ni hapa. Majina nimeyabadilisha yote, hata lile ulilojipa mwenyewe. Matukio sikuyagusa, na katika ofisi yenu hakuna asiyeyajua. Gazeti hili linatoka Jumatano na linafika kwenu na kivuko cha asubuhi. Hii ina maana kwamba unaposoma mstari huu, huenda kuna mtu meza ya pili analisoma pia, na yeye amekutangulia aya moja.

Mlango wa Mama Hellen uko wazi. Simama, uende, ayasikie kwanza kutoka kwako.