Ua la Nyuma, Ua wa Nyuma

Ukunda,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada Purity mpendwa,

Shikamoo dada. Kabla hata sijakuuliza hali, nakuomba jambo moja: barua hii isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na ukiisha kuisoma uitie motoni. Shemeji Hesbon asiione, Mama asisomewe, watoto wasiiokote. Sikupiga simu kwa sababu najua kwenu simu ikilia huwekwa sauti ya juu ili nyumba nzima isikie. Ule ujumbe wangu wa asubuhi, niliokuomba usimjibu mtu yeyote atakayekuuliza habari za ua lako mpaka Mwalimu Chome, jirani yangu anayesafiri kuja huko, akufikishie bahasha hii, maelezo yake ni haya.

Haya, hujambo dada yangu? Mguu wa Shemeji uliochomwa na mwiba wa samaki taa umepona? Na mtoto ameanza kukaa? Natumaini Mungu amewaweka wote salama hapo Jego. Mimi mwili hauna ugonjwa, ila chakula hakipiti, na nikisikia mtu anataja jina langu nje ya ofisi huinuka nikafunga mlango.

Unamkumbuka Everline? Ni yule mwenzangu wa sekondari pale Msambweni, binti wa watu wa Kakamega ambaye baba yake alikuwa mpishi wa hoteli. Alikuja kwetu Kinango kwenye msiba wa babu, akafunga leso kiunoni akaosha masufuria yote peke yake, na siku hiyo ndipo alipochukua namba yako. Darasani tulikaa dawati moja. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa Kiswahili. Yeye ngeli zilimshinda. Siku moja mwalimu alitoa sentensi, "Ua wa shamba umeanguka," akamtaka Everline aiseme kwa wingi. Akasimama akasema, "Maua ya shamba yameanguka." Darasa lilicheka mpaka wa chumba cha pili wakachungulia dirishani. Mimi nikainua mkono nikasema nyua, nikapewa kalamu ya zawadi. Everline hakununa. Jioni alinifuata akaniomba nimfundishe, na tangu siku hiyo jina langu kwake ni Mwalimu.

Everline huyo sasa ana nyumba yake Mwabungo. Alianza kwa kutandika vitanda hotelini Diani, kisha akafungua udobi wa kufua mashuka ya majumba ya wageni, na leo wanawake sita wanamfanyia kazi. Nyumba ina vyumba vitatu, mabati ya kijani, tangi la maji juu ya nguzo, na vigae vya baraza vinavyong'aa hata unautazama mguu wako kabla ya kukanyaga. Mimi mwenye A ya Kiswahili nimepanga chumba kimoja, na ni karani ndani ya kontena la Bwana Garama, mkandarasi wa nyua. Nawapokea wateja, naandika mapatano, nawaelekeza mafundi. Nataka ujue nilikuwa nimekaa wapi siku Everline alipoingia kutafuta mtu wa kumzungushia nyumba yake nguzo za zege na waya wa wavu.

Alinikumbatia mbele ya watu, akaniita Mwalimu kwa sauti, akasema ni Mungu aliyemleta kwenye mlango ule. Nilicheka naye, lakini ndani nilihisi kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

Jumamosi alikuja tuandike mapatano. Bwana Garama alikuwa amekwenda kupima kiwanja kingine, tukawa wawili tu. Alinieleza kwamba nyuma ya nyumba pana ua wa zamani wa minyaa, na katikati ya minyaa pameota waridi alilolipanda mwenyewe. Mama yake alipofariki, kaka zake waliuza boma lote la Kakamega. Everline alifika akamkuta mnunuzi anafyeka. Akaomba tawi moja la waridi la mama, akalileta hadi pwani akilipakata safari nzima ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Hakurithi kitu kingine. Aliniambia huku akicheka kwamba kila asubuhi hulisalimia kwa Kiluhya, kwa sababu nalo Kiswahili halijakijua.

Kisha akanisomea maneno ya kuandika: "Toeni ua yote ya zamani, lakini ile ua ya nyuma ibaki. Weka vile inafaa, Mwalimu, hiyo Kiswahili ni yenu."

Karatasi niliyoiandika ilisema: "Ua wote wa zamani uondolewe, lakini ua wa nyuma ubaki." Akatia sahihi bila kuisoma.

Jumanne mafundi walikwenda, wakiongozwa na Mzee Mwinga. Huyu ni fundi mzee kutoka upande wa kwetu, mtu mpole, hupima kwa kamba yenye mafundo na huniita mwanangu. Jioni Everline aliporudi kutoka kazini alikuta nyuma peupe, pamefagiliwa, nguzo zimesimama mstari ulionyooka, na waridi limeng'olewa na kuchomwa moto pamoja na minyaa. Mzee Mwinga anasema alikaa juu ya rundo la kokoto mpaka mafundi wakaondoka mmoja mmoja kwa aibu, bila kuaga.

Kesho yake alikataza waya usifungwe na lango lisitiwe. Bwana Garama alimwonyesha karatasi. Akamweleza kwamba ua wa nyuma maana yake ni uwanja wa nyuma ya nyumba, kama kila mtu wa pwani ajuavyo, na uwanja haukupunguzwa hata shubiri moja. Everline akasema yeye alitaja ua la kunusa. Bwana Garama, ambaye akibanwa hukimbilia mzaha, akamwambia, "Ua wako si huo hapo, mama. Hata mpira utachezea." Baadaye alijuta, akaahidi kumletea mawaridi kumi ya bustani. Everline akakataa. Alisema hataki mengine wala hataki fidia. Anataka mtu aliyesema ling'olewe aje amwambie kwa mdomo wake kwamba ni yeye.

Sasa ni mwezi wa nne na nguzo zile zimesimama tupu tangu Januari. Mbuzi wa jirani wanapita katikati yake, na wateja wetu wakipita barabarani wanauliza ni kazi ya nani ile iliyoachwa njiani.

Wiki mbili zilizopita tuliitwa kwa Mzee Kombe, mzee wa mtaa, katika chumba cha nyuma ya duka lake la vipuri vya baiskeli. Everline alisema maneno yake, Bwana Garama akasoma karatasi. Mzee Mwinga akasema kwamba asubuhi ile alipiga simu ofisini kuuliza ni ua upi unaobaki, na akajibiwa ang'oe. Mzee Kombe aliitaka simu ya ofisi, maana ile ya Mwinga haihifadhi za zamani hivyo, akatafuta, hakuona simu yoyote kutoka kwa Mwinga siku hiyo. Watu wakamtazama Mzee Mwinga kama mtu anayetupa lawama popote itakapodondokea. Ndipo Everline akasema, "Mwulizeni Mwalimu. Tangu shule mimi nikisema vibaya, yeye ndiye ananisikia vizuri."

Wote wakageuka kwangu. Nikasema, "Niliandika kama alivyosema. Kuhusu simu, sikumbuki."

Tulipotoka, Mzee Mwinga alinisogelea nikadhani atanitukana. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, labda nilipiga namba nyingine. Uzee huu." Nami nikamwambia labda.

Uamuzi ni kwamba Alhamisi hii tutakutana tena kwa Mzee Kombe. Mzee Mwinga atatia sahihi kwamba aling'oa bila kuuliza, kazi atakuwa ameipoteza, Everline atakuwa amempata mtu wake, na Bwana Garama atamalizia ua. Karatasi hiyo ya Mwinga nimeagizwa niiandike mimi.

Na juzi Ijumaa Everline akapita ofisini. Akatoa simu yake akanionyesha ile picha uliyoiweka mtandaoni, wewe mlangoni kwako umeshika mkebe wa kumwagilia, na ua limechanua, la manjano, kingo zake zimeanza kugeuka nyekundu. Akaniambia, "Mwalimu, angalia. Dada yako ana ua kama ya mama. Nitamwomba kitawi." Hakuniuliza kitu zaidi. Sijui kama hashuku, au kama alikuwa ananipa nafasi. Uso ule nimeupitia kichwani mara nyingi na bado siujui.

Dada, umekwisha kuelewa. Mche ule niliokuletea nilipokuja kumwona mtoto, nikakwambia nimeununua kando ya barabara, sikuununua. Ni waridi la mama yake Everline.

Nitakueleza lilivyokuwa, maana nisipoliandika leo sitaliandika tena. Ile Jumamosi mkono wangu uliandika kwanza "ua la nyuma libaki," sawasawa, kwa sababu nilimwelewa. Darasa zima lilicheka kwa neno lilo hilo, ningekosaje kumwelewa? Nikalitazama. Nikafikiri kwamba mtu asiyejua hata ngeli ya ua anajengewa ua, nami nizijuaye zote namwandikia. Nikaikunja karatasi ile nikaandika nyingine, "wa" na "ubaki." Nilijiambia ni mzaha, kwamba mafundi wataona waridi na kuliacha, kisha mimi nitajua peke yangu kwamba nililishika mkononi.

Jumapili alinialika chakula cha mchana. Alinitembeza chumba baada ya chumba, akanifungulia bomba nione maji yanavyotoka, na kila alichonionyesha nilikisifu na kilinichoma. Alipoingia jikoni kupakua, nilikwenda nyuma nikakata tawi la waridi kwa wembe, nikalifunga kwa leso yenye maji, nikalitia mkobani. Ningeweza kumwambia pale pale kuhusu karatasi. Nilikula samaki wake nikamshukuru.

Na Jumanne Mzee Mwinga alipiga. Hakukosea namba. Aliniuliza, "Karani, ua upi ubaki? Hapa pana minyaa, na pana waridi zuri katikati." Nikamjibu kwamba ua ni uwanja, na vya zamani vyote aving'oe. Akauliza, "Hata waridi?" Nikasema hata hilo. Kisha nikaifuta simu yake. Kwa hiyo siwezi kujidanganya kwamba ni kosa la ngeli. Nilikuwa nimekwisha kujikatia langu. Nilitaka yeye asiwe na lake.

Tangu hapo ulipokuwa ukinitumia habari kwamba limetoa jani, limetoa chipukizi, nilikuwa nafurahi. Hilo ndilo linalonitisha kuliko Mzee Kombe na kuliko kufukuzwa.

Sasa nakuomba. Usikate kitawi. Ling'oe lote pamoja na mchanga wake, ulitie katika ndoo, ulifunike kwa gunia lililoloa, umpe Mwalimu Chome anaporudi huku Jumatano. Mwambie ni la kwangu, asiulize zaidi. Everline akikuandikia, usimjibu kabla ya Alhamisi, nataka alisikie kutoka kwangu. Ile karatasi ya Mzee Mwinga sitaiandika. Nimeandika nyingine yenye jina langu, na ipo chini ya godoro pamoja na ile ya kwanza ya "la," ambayo sikuwahi kuitupa.

Usinisifu kwa hili. Nimengoja hadi picha yako iliponifikia. Na nikwambie ukweli wa mwisho: Everline ni mtu wa kusamehe. Akinisamehe mbele ya watu wote wale atakuwa amenipita tena, na hata hivi ninavyoandika, nikiliwaza hilo, bado namwonea wivu.

Nisalimie Shemeji, nibusie mtoto, na Mama umwambie tu kwamba nina kazi nyingi. Niombee.

Ukitaka kunipata, usipige namba ya ofisi. Kuanzia Alhamisi adhuhuri simu hiyo itakuwa mikononi mwa mtu mwingine. Namba yangu nitaizima mpaka jioni. Ukija mwenyewe, shukia Ukunda, chukua tuktuk mpaka nyumba ya Bi Rispah muuza viazi, mlango wa tatu kutoka kisimani. Ufunguo u chini ya ndoo ya bluu. Ukinikosa hapo, mpigie Everline, namba yake unayo. Usimwulize Karani wala usimtaje Eunice. Mwulize kama Mwalimu yupo hapo. Akikwambia nipo uani nachimba shimo, kaa, usije. Akikwambia hamjui mtu wa jina hilo, njoo unichukue.

Mdogo wako,
Eunice