Mirija Yangu ya Setilaiti

Jumatatu, 12 Machi 2007
Jina langu limeondolewa; nimeona leo, saa nne asubuhi. Nimepeleka mirija miwili ya akiba niliyoshona kwenye ofisi ya wahandisi wa setilaiti, Upper Hill, nikakuta kibao kipya kwenye modeli ya setilaiti yao: "Kazi ya Injinia Mutua na wenzake." Wenzake! Ijumaa nilikuwapo kwenye kibao cha awali, kwa jina. Miaka kumi na saba nashona majumba ya hewa ya watoto kurukia, hapa Muthangari. Mashine ya kwanza nilijinunulia. Nimeudhika.

Jumanne, 13 Machi
Hesabu, nisijidanganye. Fremu yao ya alumini ya kushikilia paneli za sola: kilo sita na nusu. Mirija yangu minne, ikijazwa gesi, inajikunjua na kutandaza paneli zilezile, nyembamba kama karatasi: gramu mia tisa arobaini. Na kurusha setilaiti hulipiwa kwa uzito. Mirija sita ya kwanza ilivuja. Wa saba ulikaa na hewa siku tisa. Wanjiru, fundi wangu, ati, "Mama Shiro, umetoka kwa birthday za watoto ukaingia angani!" Tumecheka. Kazi ni nzuri. Nasema bila haya.

Jumatano, 14 Machi
Injinia kapiga simu. Wamejaribu mirija kwenye tangi linalonyonywa hewa yote, liwe kama angani. Mirija imefura kabla gesi haijafunguliwa, paneli moja imechanika. "Ni mshono wako, mama."
Kwa sifa sina jina. Kwa lawama ninalo.

Alhamisi, 15 Machi
Nimeenda kuona wanavyokunja. Kumbe! Wanafunga valvu, kile kitundu cha kupitishia hewa, kwanza, halafu wanakunja kuanzia hapo kwenda mwisho. Hewa inabaki ndani. Jumba la watoto likikunjwa hivyo haliingii kwa gunia, basi. Ndani ya tangi hakuna hewa ya kuibana kwa nje, basi hiyo kidogo inafura.
Nikavua viatu. Valvu wazi. Nikaikunja mirija kutoka mwisho kuja kwa valvu, mikunjo ya upana wa vidole vinne, nikiikandamiza kwa magoti. Tangini tena. Haikufura. Gesi ikafunguliwa: sekunde thelathini na nane, paneli zote zimetandaa. Mshono haukuvuja. Injinia akapiga makofi. Nimelia kidogo. Si kwa huzuni.

Ijumaa, 16 Machi
Mvua. Nimempelekea Injinia barua mimi mwenyewe, mkononi. Ofisi yao ina wageni wanaokuja Jumatatu kuona modeli. Nimeandika mistari mitatu tu:
"Injinia, jina langu litarudi kwenye kibao au halitarudi?
Sitaki 'tutaona'. Ndiyo au hapana.
Jibu linifikie Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi."