Nimezikataa Programu Tatu, na Zote Zilikuwa Nzuri

Mpendwa mshauri Mama Hilda, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na saba na mwaka huu nimewadanganya ndugu zangu mara tatu kuhusu programu ya kompyuta, na sasa Krismasi inakuja, nao wanakuja, na sijui nitauweka wapi uso wangu.

Tumezaliwa wanne hapa Kibosho. Wenseslaus ndiye mkubwa na yuko Mwanza, anafuata Mektrida ambaye ni nesi Dodoma, halafu Sirili anayefanya kazi ya kompyuta Dar es Salaam, na mimi kitindamimba niliyebaki nyumbani na Mama, maana kwetu kama unavyojua kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, humwangukia mtoto wa kiume wa mwisho, na baba alipofariki mwaka 1996 ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuulizwa kama ningependa kwenda mahali, nikakabidhiwa migomba, kahawa, ng'ombe wawili na Mama.

Sasa Mama Hilda, mwaka 1987, tulipokuwa watoto tunakaa juu ya magunia tunachambua kahawa, Wenseslaus alibuni nchi ili tusichoke, akaiita Tarandi, nchi yenye milima miwili na mto unaopanda badala ya kushuka, na kila mmoja akawa na mtu wake ndani yake, yeye akawa msimamizi wa mifereji, Mektrida mganga asiyeweza kusema uongo, Sirili mvushaji wa magendo, na kila mtu wako akitaka kufanya jambo la hatari unarusha punje tano za kahawa, zikilala kifudifudi tatu au zaidi umefaulu, zikipungua umekwisha. Mimi nilikuwa darasa la tatu, wakasema ni mdogo mno kuwa na mtu, nikapewa kazi ya kuandika yanayotokea, na nimeandika mpaka leo. Ni kaunta buku tisa, Mama Hilda, zenye wafalme, vita, bei ya chumvi, ramani, nani ni shemeji wa nani. Sirili anasema huko Ulaya watu wazima wanacheza michezo ya namna hii na hawaoni haya.

Tangu 1992, Wenseslaus alipoondoka kwenda kazini, na wengine wakafuata mmoja mmoja, tunacheza Disemba tu. Wanapanda nyumbani wote, tunatoka misani, tunakula machalari ya ndizi na nyama, pombe ya mbege inazunguka, kisha Wenseslaus anavuta kiti, anasugua viganja na kusema, "Haya kitindamimba, tulifika wapi?" Wote wananigeukia. Ninafungua kaunta buku na kuwasomea walipofika. Nakuambia kweli, miezi kumi na moja mimi ni mtu wa kuulizwa kama bati la jikoni limezibwa na kama Mama amepelekwa kliniki, lakini siku hiyo mimi ni mtu.

Mwaka jana ukatokea ugomvi. Mektrida alisema mlinda daraja wa Tarandi yu hai, Sirili akasema, "Dada, huyo tulimzika zamani, acha kufufua watu," tukapoteza nusu siku tukipekua kaunta buku tisa, mlinda daraja asionekane, mpaka Sirili akazitupa mezani akasema, "Dunia nzima imehamia kwenye kompyuta, sisi tunapekua kama makarani wa mahakama, hii nchi inataka programu!" Wote wakashangilia. Akaniachia kompyuta yake ya zamani, na mwaka mzima amekuwa akinitumia sidii kwa basi ili nijaribu mimi ninayeandika, nichague itakayotufaa.

Ya kwanza ilikuwa ya majedwali, kila mtu wa Tarandi ana mstari wake, safu ya ukoo, safu ya kijiji, unaweza kupanga majina upendavyo. Nzuri, ila hadithi ndefu haikai kwenye kijisanduku. Nikamwandikia Sirili kwamba inakula herufi. Haikula hata moja. Ya tatu ilikuwa kama mti, unafunua tawi yanatoka matawi mengine, na ingetosha kwa mtu anayeandika mambo yake mwenyewe, mimi nimeweka humo hesabu za maziwa na tarehe za kupulizia dawa kahawa na ninaitumia hadi leo, lakini nikamwambia kompyuta imezeeka, imegoma kuifungua.

Hiyo ya pili ndiyo inayonikosesha raha. Hiyo kila jina unaloandika linageuka mlango, unabofya "mlinda daraja" unafika kwenye ukurasa wake, na hapo unaona kila mahali alipotajwa, tangu safari ya kwanza hadi ya mwisho. Nilijaribu ukurasa mmoja. Nikajaribu kumi. Mama Hilda, nimeingiza kaunta buku zote tisa. Miezi saba, kila mchana baada ya kukata majani ya ng'ombe, na siku za mgao wa umeme nilikuwa nasubiri urudi kama mtu anayesubiri mgeni. Imekamilika, na mlinda daraja yu hai, yuko kaunta buku ya tatu, alibadilisha jina. Nchi yetu yote imo ndani ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha Mama sebuleni, na mimi nimemwambia Sirili kwamba programu hiyo ina virusi na fundi wa mjini amenikataza kuigusa.

Juzi Sirili ameniandikia barua pepe, nikaisoma mjini kwenye intaneti kafe, anasema, "Dogo, nimetumia likizo yangu yote kutafuta programu ya nne, safari hii haitashindikana, tukishaiweka kila mtu atakuwa na Tarandi kwake, tutacheza kwa barua pepe mwaka mzima, hatutasubiri tena Disemba!" Nilisoma mara mbili nikaondoka bila kujibu. Kama hawasubiri Disemba, watakuja kufanya nini? Nauli ya Mwanza si mchezo, na Mektrida ana watoto. Watakuja siku ya kumzika Mama, basi.

Nimefikiria kuifuta kazi yote kabla hawajafika. Kidole kimefika kwenye kitufe mara moja. Au nikubali hiyo ya nne? Au nishikilie kwamba daftari ndiyo bora? Nishauri, nichague programu gani?

Mimi, Kitindamimba wa Kibosho, Novemba 2005

*

Mwanangu Kitindamimba, marahaba.

Umeniomba nisicheke kabla ya mwisho. Nimecheka mara mbili njiani, unisamehe. Ya kwanza ni pale ulipoficha jina lako kisha ukawataja ndugu zako wote watatu, mji na kazi zao. Nimeyabadilisha majina yao, vinginevyo Kibosho nzima ingekuwa kwenu Jumapili. Ya pili nimecheka kwa ajili ya mlinda daraja, na nimefurahi kwamba yu hai.

Nikujibu kwanza ulichouliza, maana umekiuliza vizuri na wengi wananiletea maswali mabaya zaidi. Mimi safu hii naiandika kwa taipureta, kwa hiyo nimemwita Stella, binti anayepanga kurasa za gazeti letu kwenye kompyuta, nikamsomea barua yako. Hakusubiri hata niimalize. Akasema, "Mama, huyu alishachagua zamani." Ni kweli. Mtu haingizi kaunta buku tisa kwenye programu asiyoitaka. Majedwali waachie wenye majedwali. Ule mti endelea kuutumia kwa maziwa yako na dawa yako, maana maandishi ya mtu mmoja hayahitaji milango mingi. Tarandi ikae kwenye hiyo ya pili. Stella anasema uitie kwenye sidii nakala tatu, na nakala moja isikae nyumba moja na kompyuta. Kaunta buku usizitupe, usimpe mtu, usifungie maandazi. Umeme utakatika Krismasi, wewe unajua na mimi najua.

Hapo programu tumemaliza. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Umemwacha kaka yako achome likizo yake yote akitafuta kitu ambacho umekifunika kwa kitambaa. Umeisingizia virusi programu isiyo na hatia, na ukamsingizia fundi ambaye nina hakika hayupo. Mbaya zaidi, umenyoosha kidole kufuta kazi ya miezi saba, na kwa kidole hicho ungefuta utoto wa watu wanne. Kihamba ulikabidhiwa wewe, hilo hakuna wa kukunyang'anya, na kukitunza kwako kunaonekana katika kila mstari. Lakini Tarandi haimo kwenye kihamba. Hiyo mliijenga wanne juu ya magunia, na urithi wa kitindamimba hauifikii. Ulijisahau tu, kwa sababu kila kilichobaki nyumbani kiliangukia mikononi mwako, ukadhani na hicho ni chako peke yako.

Nimekusema, nimemaliza. Sasa nikuulize jambo ambalo limenishangaza tangu barua yako ifike. Mjini Moshi mashine za fotokopi ziko ngapi? Kuanzia stendi mpaka Majengo huwezi kutembea hatua ishirini bila kupishana na moja, na zimekuwepo miaka. Je, tangu 1992, kuna ndugu yako hata mmoja aliyewahi kukuomba fotokopi ya kaunta buku? Sirili mwenye akili za kompyuta hakuwahi kuliwaza hilo? Mtu anayetaka maandishi tu anatuma ujumbe atolewe nakala, anapelekewa kwa basi, biashara imekwisha. Hawa wamekuwa wakipanda basi na watoto mgongoni, kutoka Mwanza, kutoka Dodoma, kuja kukuuliza kwa mdomo swali ambalo majibu yake wangeweza kuyasomea kwao.

Wewe unadhani kwa swali lile wanakupa wewe heshima. Wanakupa, ndiyo. Lakini nitakuambia siri ya sisi tulioondoka, maana mimi ni mtu wa Machame niliyekaa Morogoro miaka ishirini na miwili. Kila Disemba nilikuwa nafika nyumbani na zawadi zangu, nasimama jikoni, sijui sufuria zimehamishiwa wapi. Ng'ombe hawanijui. Nikishika jembe mdogo wangu Efraimu ananipokonya, wifi yangu ananivutia kiti, "Kaa tu dada, umechoka na safari." Kaa tu! Nilizaliwa nyumba ile na nimekuwa mtu wa kukaa tu. Nilikuwa nalia nikiwa nimesimama chooni, mtu mzima, mtumishi wa serikali. Ningepata mtu wa kunifungulia daftari na kunisomea pale nilipofika, nisingekosa Disemba hata moja, na ile miaka minne niliyokosa, hakika nisingeikosa. Efraimu sasa ni marehemu. Hakuwahi kuniambia kwamba alikuwa ananisubiri, nami nilidhani ninamsumbua.

Kwa hiyo acha kuogopa kompyuta. Ndugu zako wakipata Tarandi mezani kwao watacheza Machi, watacheza Juni, watagombana kwa barua pepe, na kila wakigombana watakutafuta wewe, maana wewe peke yako unajua mlinda daraja alibadilisha jina kwa nini. Halafu Disemba watakuwa na mengi zaidi ya kubishania uso kwa uso. Na kama barua pepe itawazoesha uvivu, utakuwa umeshawaambia unachotaka, si kuwategea kwa kaunta buku.

Jambo jingine umelipitia haraka kama halina uzito. Ulikuwa darasa la tatu wakasema wewe ni mdogo mno kuwa na mtu ndani ya nchi ile. Mwanangu, una miaka ishirini na saba! Unaendesha kihamba, unamlea mama yako, na Tarandi mpaka leo huna hata mchunga mbuzi! Krismasi hii mwachie Mektrida uandishi, mganga wake si hasemi uongo, basi ataandika kwa haki. Wewe ingia nchini. Usikubali kupewa mtu mdogo mdogo wa kubeba mizigo ya wengine.

Na Wenseslaus umwambie bila kuzunguka kwamba mwakani achukue wiki mbili akae na Mama, nawe uende Mwanza ukaone ziwa. Atakuambia kazi ni nyingi. Mwambie na ng'ombe nao ni wengi. Wewe hujawahi kuomba zamu, nao wakajifanya haipo.

Fanya hivi. Usisubiri wafike, maana ukweli unaosemwa mbele ya mbege na watoto wanaokimbia huku na huku utageuka kichekesho, na hili si la kuchekwa. Kesho ukishakamua shuka mjini, rudi kwenye ile intaneti kafe uliyotoka bila kujibu. Usimweleze Sirili habari za milango na matawi, hayo atayaona mwenyewe. Usijitetee, wala usiombe msamaha kurasa tatu. Mwandikie hivi, neno kwa neno, kisha utume kabla moyo haujageuka:

"Sirili, zote tatu zilifanya kazi, na Tarandi yote nimeshaiingiza. Nilidanganya kwa sababu niliogopa mkiipata hamtapanda tena nyumbani. Nataka mje."

Mama Hilda